Mchango wa utafiti wa Parkinson: New York, London au Kilimanjaro?

Baba alikuwa fundi cherehani Tanga kwa zaidi ya miaka arobaini. Daftari lake la vipimo tunalo mpaka leo. Ukilifungua kurasa za mwanzo, tarakimu ni kubwa na zimesimama wima: kifua 40, kiuno 34, mkono 24. Ukiendelea kufunua, zinapungua. Mstari unaanza na tarakimu ya kawaida na kuishia na vijialama ambavyo hata yeye mwenyewe alishindwa kuvisoma mteja aliporudi. Mkono wake ulikuwa bado haujaanza kutetemeka. Kipindi hichohicho mama alikuwa akimgombeza kwamba wali unaungua jikoni naye kakaa karibu, hasikii harufu. Miaka miwili ugonjwa ulikuwa umeandikwa kwenye daftari, nasi tukidhani anabana karatasi. Hospitali ya kwanza ilituambia ni uzee. Ya pili ikampa dawa za presha. Jina la Parkinson tulilisikia mwaka wa tatu.

Mwaka jana, sisi watoto wake sita tulianza kuchanga kila mwezi. Dawa za baba zina fungu lake. Hili ni la utafiti, ili mjukuu wake akianza kuandika tarakimu ndogo apate kitu ambacho babu yake hakukipata. Tulipofikisha shilingi milioni tano, kaka yetu mkubwa aliye Muscat akauliza kwenye kundi la familia: "Haya, tunazipeleka wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Kazi ya kulitafuta nikapewa mimi, nami naweka hapa nilichokipata, kwa familia nyingine yenye nia kama yetu.

Jua kwanza unachangia nini

Ndani ya ubongo kuna eneo dogo lenye rangi ya kiza. Seli zake hutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Katika Parkinson seli hizo zinakufa polepole, na mtu anapoanza kutetemeka, kukakamaa au kuburuta mguu, sehemu kubwa imeshapotea. James Parkinson, daktari wa London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817. Wagonjwa walianza kudungwa levodopa, dawa ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, mjini Vienna mwaka 1961. Mwaka 1967 George Cotzias, kule Marekani, akaonyesha kwamba ikimezwa kwa dozi kubwa zinazopandishwa taratibu inamwinua mgonjwa kitini. Dawa hiyohiyo ndiyo anayoimeza baba saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai. Ikishika, anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Ikiisha, kijiko kinagonga kikombe na tunamshikia. Lakini levodopa haizuii seli kufa. Mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa kupunguza kasi ya ugonjwa wenyewe, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi nao.

Kwa hiyo shilingi yako inaweza kwenda kwenye moja ya kazi tatu: kutafuta chanzo, kujaribu tiba, au kuwatafuta wagonjwa wenyewe ijulikane wako wapi na wana hali gani. Hii ya tatu wengi hawaihesabu kuwa ni utafiti. Mimi naihesabu, na kwetu huku naiona ndiyo mlango wa zile mbili.

Wakfu wa Michael J. Fox

Huu ndio mkubwa kuliko mashirika yote ya hiari yanayogharamia utafiti wa Parkinson. Mwigizaji Michael J. Fox aligundulika na ugonjwa mwaka 1991 akiwa na miaka 29, akautangaza hadharani mwaka 1998, na mwaka 2000 akaanzisha wakfu wenye jina lake, makao yake New York. Umeshatoa zaidi ya dola bilioni 2 kwa ajili ya utafiti. Haujiwekei akiba ya kudumu ya kuzalisha faida. Fedha zinazoingia zinatoka. Kwa mtu anayechanga kwa haraka ya mzazi wake, jambo hilo lina uzito.

Kazi yao ninayoiona kubwa kuliko zote ni utafiti wa ufuatiliaji uitwao PPMI, ulioanza mwaka 2010. Watu, wagonjwa na wazima, wanafuatiliwa mwaka baada ya mwaka: damu, picha za ubongo, maji ya uti wa mgongo, hata uwezo wa kunusa. Matokeo yanafunguliwa kwa watafiti wa popote duniani. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2023 kilitangazwa kipimo kinachoibaini alfa-sinukleini iliyojikunja vibaya, ile protini iliyohusishwa na ugonjwa huu tangu 1997. Kilijaribiwa kwa washiriki 1,123, na miongoni mwa wagonjwa kiliwatambua takriban 88 katika kila 100. Baadhi ya waliojitolea walikuwa bado hawajaumwa, ila wamepoteza uwezo wa kunusa, na kipimo kikaikuta protini hiyo kwao pia. Niliposoma hapo nilisimama nikaenda uani kukaa peke yangu. Wali wa mama ulioungua ulikuwa dalili.

Basi kwa chanzo na kwa kupima mapema, sioni wa kuushinda wakfu huu. Wasiwasi wangu ni wa namna mbili. Milioni tano zetu ni kama dola elfu mbili, na mbele ya mabilioni hayo hazibadilishi uamuzi wa mtu yeyote. La pili ni zito zaidi: waliopimwa kwenye PPMI kwa sehemu kubwa ni wenye asili ya Ulaya. Kipimo kinaweza kuwa kizuri sana na bado kikawa kimesomwa kwenye miili isiyo yetu.

London: mashirika mawili ambayo watu huyachanganya

Parkinson's UK ilianzishwa mwaka 1969. Ina simu ya msaada, vikundi vya mitaani na kazi nyingi za kuwahudumia wagonjwa, pamoja na utafiti. Inagharamia benki ya ubongo iliyoko Imperial College London, ambako watu huahidi kutoa ubongo wao baada ya kufa, na tangu 2017 ina mpango wake wa kuendeleza dawa mpya. Ni shirika imara. Ila mchango ukiingia bila maelekezo unaweza kumlipa mpokea simu wa Uingereza, kazi njema ambayo haimfikii mgonjwa wa Pangani. Ukichagua hapa, andika wazi kwamba ni kwa ajili ya utafiti.

Cure Parkinson's ni dogo zaidi, na kazi yake ni moja: tiba inayopunguza kasi ya ugonjwa au kuusimamisha. Lilianzishwa mwaka 2005 na Tom Isaacs, aliyeugua akiwa na miaka 27, pamoja na wenzake watatu waliokuwa nao wanaumwa. Tangu 2012, kwa kushirikiana na Taasisi ya Van Andel ya Michigan, wanaendesha mpango ambao kamati ya wanasayansi hukaa na kuchambua dawa zilizokwisha tengenezwa kwa magonjwa mengine, na zile zinazoonyesha dalili njema kwa Parkinson zinapelekwa kwenye majaribio. Usalama wa dawa ya namna hiyo unajulikana tayari, hivyo miaka mingi na fedha nyingi zinaokolewa.

Sitaki kumpamba mtu kwa uongo, kwa hiyo nasimulia na pale walipoanguka. Dawa yao iliyobeba matumaini makubwa ilikuwa eksenatidi, dawa ya kisukari iliyotokana na mate ya mjusi mwenye sumu wa jangwa la Amerika. Mwaka 2017 jaribio la wagonjwa 62 lilitoa matokeo yaliyowafanya wagonjwa wengi walie kwa furaha. Likafuata jaribio kubwa, watu 194, wiki 96, nusu wakipewa dawa na nusu sindano isiyo na kitu. Mwanzoni mwa 2025 majibu yakatoka: hakuna tofauti. Dada yetu aliye Leicester aliponiletea habari hiyo alisema tusiwape hata senti. Mimi nilimjibu kinyume. Jaribio lililofanywa vizuri likasema hapana limewaokoa maelfu ya wagonjwa kujidunga bure kwa miaka, na shirika lililotangaza kushindwa bila kuficha nitaliamini litakapotangaza kushinda.

Dawa iliyo mbele sasa ni ambroksoli. Ndiyo, ile ya kikohozi, ile ya majimaji inayotoa makohozi, ambayo duka la dawa lolote la huku unaweza kuikuta ndani ya chupa za watoto. Kwa dozi kubwa kuliko ya kikohozi inafika kwenye ubongo na kuongeza kazi ya kimeng'enya kinachosafisha taka ndani ya seli. Jaribio dogo la watu 17 lililochapishwa 2020 lilionyesha hivyo. Sasa kuna jaribio kubwa Uingereza, watu 330, miaka miwili, lililoanza kuandikisha washiriki mwaka 2025. Tafadhali usimnunulie mzee wako chupa za kikohozi kwa sababu ya aya hii. Dozi si hiyo, na jibu halijatoka.

Kimeng'enya hicho kinatokana na jeni iitwayo GBA1, na hapo ndipo kaka yangu wa Muscat, aliyekuwa kimya kwenye kundi, alipoanza kuuliza maswali.

Afrika: tunapochangia damu kabla ya fedha

Mwaka 2023 watafiti wa Nigeria, Uingereza na Marekani, akiwamo Njideka Okubadejo wa Chuo Kikuu cha Lagos, walichapisha matokeo ya kuchunguza jeni za watu 197,918 wenye asili ya Afrika au mchanganyiko nayo, wagonjwa wakiwa 1,488 tu. Walikuta badiliko kwenye GBA1, sehemu ambayo kwa watu wa Ulaya haijulikani kuwa na badiliko hilo. Mwenye nakala moja ana uwezekano wa kuugua mara 1.5 hivi kuliko asiyenayo, na mwenye nakala mbili mara 3.5. Utafiti wa jeni za Parkinson ulikuwa umeendelea kwa zaidi ya miaka ishirini bila kuliona, kwa sababu ambayo inaniuma kuiandika: hatukuwamo kwenye sampuli.

Unganisha sasa. Dawa inayojaribiwa Uingereza inafanya kazi kwenye kimeng'enya kilekile ambacho badiliko la Kiafrika linakipunguza. Pengine sisi ndio itakaotufaa zaidi. Pengine kwetu itahitaji dozi nyingine, au haitafanya kitu. Hakuna atakayejua mpaka watu wetu wapimwe.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ya jeni inakwenda chini ya mpango wa dunia uitwao GP2, uliozaliwa na fedha za Sergey Brin, mmoja wa waanzilishi wa Google, ambaye mwenyewe ana badiliko la jeni linaloongeza hatari ya Parkinson. Fedha wanazo. Wanachohitaji kutoka kwetu ni wagonjwa, damu yao na historia zao. Kama hospitali ya mzee wako inaandikisha watu kwenye utafiti wa namna hii, kumpeleka kuna thamani kuliko milioni tano zetu, na nauli ya kumfikisha ni mchango halali wa sayansi.

Na kuhesabu kwenyewe? Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, timu ya Watanzania na Waingereza ilipita nyumba kwa nyumba katika idadi ya watu 161,071 na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33. Ukirekebisha kwa umri, ni kama watu 40 katika kila 100,000. Ila takwimu iliyonishika ni nyingine: 78 katika kila 100 kati yao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Yaani baba zetu, kila mmoja na daftari lake. Utafiti ule haukuhitaji maabara ya mabilioni. Ulihitaji watu wa kutembea, maswali sahihi kwa Kiswahili, daktari wa kuthibitisha na gari. Kutokana na mizizi hiyo Chuo Kikuu cha Newcastle kinaongoza sasa kazi inayogusa Tanzania, Kenya, Ethiopia, Misri, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini, kwa fedha za serikali ya Uingereza.

Kuna na upupu. Mmea uleule uliotuwasha utotoni tukikata njia vichakani, mbegu zake zina levodopa ya asili. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyika Bolivia kwa wagonjwa 18 wasiomudu dawa za viwandani, na unga wa mbegu hizo ulifanya kazi vizuri kama levodopa kwa muda waliopimwa. Swali la kama unafaa kwa miaka na kwa dozi gani ni la kisayansi kabisa, ni rahisi kuligharamia, na linatuhusu kuliko linavyoihusu kampuni yoyote ya dawa, kwa kuwa hakuna wa kupata hataza ya upupu, yaani haki ya kuumiliki peke yake. Nikipata mradi wa Afrika Mashariki unaolifuata swali hilo kwa utaratibu, nitaupa fungu langu bila kusitasita.

Basi uchague vipi

Kama kinachokuumiza ni kuchelewa kugundulika, na unataka dunia ipate kipimo cha mapema, peleka kwa Fox. Mchango wako utakuwa tone, lakini bahari yenyewe ni ya kweli.

Kama una mgonjwa wa sasa na unataka dawa ijaribiwe ndani ya miaka, wala si vizazi, nakushauri Cure Parkinson's. Ni shirika ambalo dola elfu mbili bado zinaonekana kwenye hesabu. Uwe tayari kusikia hapana nyingine kama ile ya eksenatidi.

Parkinson's UK ningemshauri mtu anayeishi Uingereza, ambaye huduma zao atazitumia na mzee wake.

Kama unataka shilingi yako ifanye kazi ambayo hakuna mwingine ataifanya, ibaki Afrika. Huku kuna ugumu, nisiufiche. Miradi mingi ni ya vyuo na serikali, haina kitufe cha kuchangia. Inabidi umwandikie mtafiti mwenyewe kupitia chuo chake, uulize kama wanapokea fedha za mtu binafsi, akaunti ni ya taasisi au ya mtu, na utapewa taarifa gani baadaye. Akaunti ikiwa ya mtu, acha.

Na ukiambiwa ulipe ili mgonjwa wako aingie kwenye "utafiti", ondoka. Kuna kliniki katika nchi mbalimbali zinazouza sindano za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, kwa maelfu ya dola kwa watu wenye Parkinson. Majaribio ya kweli ya seli shina yapo: matokeo ya mwaka 2025 yalihusu wagonjwa 12 huko Marekani na Kanada na wengine 7 Kyoto, Japani, kwa upasuaji wa ubongo na ufuatiliaji mkali. Hakuna mgonjwa halali wa jaribio anayenunua nafasi yake.

Upande wa fedha zenyewe, tumejifunza mambo ambayo yangetuokolea muda. Mashirika ya Uingereza yanatazamwa kwenye rejista ya Tume ya Hisani, na ya Marekani hesabu zake zimo kwenye fomu 990, ambayo ni ya wazi kwa kila mtu. Soma mapato, matumizi ya utafiti na mishahara ya wakubwa. Anayelipa kodi Uingereza akichanga kwa Gift Aid, serikali inaongeza peni 25 juu ya kila pauni, kwa hiyo dada wa Leicester ndiye aliyepaswa kutuma tangu mwanzo. Ndugu aliye Marekani aulize kuhusu kupunguziwa kodi. Kutoka Tanga moja kwa moja, makato ya benki ya kutuma kidogokidogo yanakula sana; kusanyeni, mtume mara moja.

Sisi tumekata hivi. Milioni tatu zimekwenda Cure Parkinson's kupitia kwa dada, na milioni mbili ziko benki zikisubiri mradi wa huku. Nimeandika barua mbili kwa vyuo. Moja imejibiwa, wakanitumia maswali mazuri kuliko niliyowauliza.

Siku ya kutuma nilimweleza baba yote haya, nikimsomea taratibu barazani dawa ikiwa imeshika. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Hiyo ya kikohozi, mwanangu, wameijaribu kwa watu kama mimi?" Kwenye fomu ya mchango kulikuwa na nafasi ya ujumbe. Dada aliliandika swali lake kwa Kiswahili, na chini yake kwa Kiingereza, pamoja na umri wake na kazi yake: fundi wa nguo, Tanga.